Mahameli Iliyokatwa Kichwa Chini

Jirani yangu, ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, aliniuliza siku moja tukianika nguo: "Hivi mama, kaka yako ana nini na viti vya watu? Akija kwangu kukuulizia, hakai mpaka akipapase kiti, juu chini, juu chini, kisha anainama anachungulia uvunguni. Anatafuta kunguni? Kama ni kunguni aseme, maana kwangu hawapo, na kama wapo alikuja nao mume wangu."

Nilicheka, kwa sababu jirani yule ukimwacha acheke peke yake hununa. Lakini sikumjibu. Jibu lilikuwa refu, tena halikuwa langu. Sasa mwenyewe amenipa ruhusa. Ameniambia niandike kama ilivyokuwa, nisimpake asali.

Kaka yangu ni fundi wa makochi. Wengi wanamwita Sindano. Si kwa wembamba, maana tumbo analo la kuwatosha watu wawili. Ni kwa sababu hutembea na sindano iliyopinda, ile ya kushonea viti, ameichomeka kwenye ukosi wa shati na kuisahau. Mchungaji wetu alimkumbatia nayo mlangoni mwa kanisa, na tangu siku ile humpa mkono tu.

Baba yetu alifariki Kaka akiwa bado anasoma. Mama akamtoa shuleni akampeleka kwa fundi mmoja mzee, mwenye karakana nyuma ya kiwanda cha mbao, afagie na kuokota misumari mpaka atakapojua kuipigilia. Kile kidogo alichopewa pale ndicho kilichonisomesha mimi shule ya msingi. Nikishika kalamu leo ninajua imetoka wapi.

Yule mzee alimfundisha vizuri. Alimfundisha kushika misumari mdomoni bila kuimeza na bila kuacha maongezi, kufunga springi zisilie, na kujaza kiti hata mtu mzito akiinuka kiti nacho kiinuke. Zaidi ya yote alimfundisha mahameli. Mahameli, alisema, ina vinyweleo, na vinyweleo vyake vimelala upande mmoja kama manyoya ya paka. Ukiipapasa kwa kuvifuata, ni laini na rangi yake inang'aa. Ukiipapasa kinyume inakwaruza, na rangi inakuwa nzito kama kitu kilicholowa. Kwa hiyo kitambaa kile kina kichwa na kina miguu, na fundi akikata kipande kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini, viti vya seti moja vitaonekana kama watoto wa baba mbalimbali.

Ili asikosee, fundi huchora mshale wa chaki nyuma ya kitambaa. Mzee yule alichora mshale unaoelekea kichwani. Kaka alipofungua karakana yake mwenyewe aliona wanafunzi wake wanachanganyikiwa, akaugeuza: kwake yeye mshale ulielekea chini, vinakolala vinyweleo, kama maji yanavyoshuka. Alifanya kazi hivyo miaka na miaka bila shida. Msomaji aushike mshale huo, maana ndio ulioleta yote haya.

Sasa nimtaje Mama Mkunga. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, chini ya jengo la ghorofa, na nusu ya watu wanaopita dirishani kwake amewapokea kwa mikono yake. Watoto wangu alinizalisha yeye, na wa Kaka vilevile. Alikuwa mpole, ila ukimlilia sana kitandani alikuwa akikuambia kwamba usimpigie kelele yeye, yeye siye aliyekutuma. Sasa amestaafu. Mumewe alikuwa karani wa posta, mtu wa mahesabu na tahadhari, aliyekata bima ya nyumba na vilivyomo wakati watu wakimcheka kwamba analipia moto ambao haujawaka.

Walipohamia nyumba ile waliagiza seti kwa yule fundi mzee: kochi refu la watu watatu na viti viwili vya mtu mmoja mmoja, mahameli ya kijani cha chupa. Kaka ndiye aliyeishona, na ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla hajaondoka pale kwenda kujitegemea. Mabaki ya jora yalikunjwa yakawekwa kabatini, kama mzee alivyofanya kwa kila jora, kwa ajili ya siku ya panya au ya moto. Mzee alipofariki, watoto wake walimpa Kaka kabati zima na vilivyomo.

Yule karani wa posta alipigwa kiharusi. Akawa anashinda kwenye kiti kimoja, cha karibu na dirisha. Mkono mmoja ulikufa, na ule uliobaki mzima ulikuwa hautulii: kutwa ulikuwa ukisugua mkono wa kiti, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mahameli ikanyonyoka ikabaki na upara wa ukubwa wa kiganja. Alipofariki, Mama Mkunga alihamia kwenye kiti kile. Alinywea chai pale, kiganja chake juu ya ule upara. Nimeliona hilo mara nyingi nikienda kumjulia hali, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu kulikuwa hakuna cha kuuliza.

Kisha mpangaji wa juu yake aliacha bomba wazi siku ya mgawo wa maji, akatoka. Maji yakarudi yeye hayupo. Yakajaa, yakashuka, na kipande cha dari ya Mama Mkunga kikaanguka na maji yake yote juu ya kochi refu. Viti viwili havikupata hata tone.

Kampuni ya bima ilimtuma mkaguzi wake, binti mchangamfu mwenye kamera na viatu vya raba, na kwa kuwa Kaka ndiye aliyekuwa fundi wao wa siku zote, wakaja wote wawili. Binti alimweleza Mama Mkunga taratibu zao, na mimi nilikuwepo nimeleta uji. Alisema bima hulipia kilichoharibika. Likiharibika kochi moja katika seti, linalipiwa hilo moja, halafu fundi analitengeneza lifanane na wenzake. Ila kama haiwezekani kufanana tena, basi kampuni inalipia seti nzima, na vile vizima navyo vinakuwa mali ya kampuni, vinachukuliwa vikauzwe. Mama Mkunga akauliza, vizima vinachukuliwa kwa nini? Binti akacheka, akasema, "Mama, ukishamuuza ng'ombe huwezi kubaki unamkamua."

Mama Mkunga akasema yeye hataki kuuza ng'ombe. Anataka kochi lake litengenezwe, basi. Kaka akamwambia asiwe na wasiwasi, mabaki ya jora lenyewe anayo, na kwamba jicho lake halijawahi kumdanganya. Aliyasema mbele ya binti wa bima, na nilimwona alivyojinyoosha.

Alilichukua kochi karakana, akalivua, akalikausha mbao, akatoa yale mabaki kabatini. Nyuma yake kulikuwa na mshale wa chaki, umefifia lakini unaonekana. Akaufuata. Hakupapasa. Mtu aliyepapasa mahameli maisha yake yote, siku ile hakupapasa, kwa sababu mshale ulikuwepo na binti wa bima alikuwa akisubiri. Alikata, akashona, akapigilia, akalirudisha kochi nyumbani kwa Mama Mkunga, wakaliweka katikati ya viti viwili, na mkaguzi akaja kutazama.

Kochi lilikuwa jeusi kuliko viti. Si sana, lakini hata mimi nisiye fundi niliona. Binti akapiga picha, akamgeukia Kaka akamuuliza kuna nini. Kaka alitazama, akarudi nyuma, akatazama tena, akasema jua. Kwamba viti vimekaa kwenye mwanga wa dirisha miaka yote vikaliwa na jua, na kitambaa cha kochi kimelala kabatini gizani, kwa hiyo havitafanana kamwe. Hapo hakudanganya. Alisema alichoamini.

Binti akasema, basi ni seti nzima. Akampongeza Mama Mkunga, akampongeza na Kaka, kwa kuwa kazi ya kushona seti mpya angepewa yeye. Gari la kubeba ile ya zamani lingekuja baadaye wiki ile.

Jioni Kaka alirudi karakana, akaanza kukusanya vipande vilivyobaki ili avikunje. Aliniambia mkono ulipita tu juu ya kipande kimoja, bila yeye kufikiria, na mkono ukashtuka kabla ya kichwa. Kile alichodhani ni upande wa kushuka kilikuwa kinakwaruza. Akakigeuza kikawa laini, na rangi ikafunguka. Ilikuwa kijani kilekile cha viti vya Mama Mkunga. Hakuna jua lililokula kitu. Akakifunua nyuma akautazama mshale vizuri. Haukuwa wake. Ulikuwa wa yule mzee, wa kuelekea kichwani, na yeye ameusoma kama wake. Kochi zima la Mama Mkunga lilikuwa limesimama kwa kichwa.

Kulirekebisha ilikuwa kazi ya kufumua, kugeuza na kushona upya. Pale palipopungua angeunga nyuma, ambako hapaonekani. Kilichohitajika ni kumpigia simu binti wa bima na kumwambia nimekosea. Kaka alikaa na simu mkononi. Alifikiria jinsi alivyojisifu. Alifikiria yule fundi mwingine wa mtaa wa juu, anayeitaka kazi ya bima kwa udi na uvumba. Kisha, anasema, likamjia wazo tamu kuliko yote, kwamba Mama Mkunga anapata seti mpya bila jasho, na ni nani amewahi kulia kwa kupewa kipya? Akaiweka simu mfukoni.

Siku ya gari Mama Mkunga alimshika mkono. Mkaguzi alikuwa mlangoni anaelekeza wabebaji, hivyo alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu cha aibu: "Fundi, wewe wanakusikiliza. Sema neno moja tu waniachie kile cha dirishani." Kaka akamjibu kwamba taratibu za bima ndivyo zilivyo, mama, na kwamba atamshonea kingine kizuri zaidi. Na kwa kuwa mbebaji mmoja alikuwa amechelewa, kiti kile cha dirishani alikibeba yeye mwenyewe mpaka garini. Anasema alikibeba kwa kukikumbatia, na ule upara ulikuwa umemgusa shavuni.

Seti mpya ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kijani, kila kitu kimelala upande wake. Watu walikuja kuitazama, na jirani yangu wa kunguni alisema angekuwa na bahati kama ile angefungulia maji mwenyewe. Lakini nilipokwenda mimi nilimkuta Mama Mkunga jikoni, amekaa kwenye kigoda, kikombe juu ya goti. Sebuleni taa imezimwa. Nikamuuliza mbona huku. Akasema kule sebuleni anakaa akiwa na wageni. Nikadhani ni kawaida ya watu wazima, kutunza kipya. Nikamwacha.

Kaka ndiye aliyenipa wasiwasi. Alianza kusimama nyuma kanisani. Mabenchi yale ameyatengeneza yeye, na nafasi yake ilikuwa mstari wa mbele upande wa wanaume, lakini sasa alisimama mlangoni na wanaobembeleza watoto. Ikifika saa ya meza ya Bwana, alikuwa ametoka nje. Wifi yangu aliniambia kwamba chakula anakula kama anayetimiza agizo, na kwamba amemuuliza amekosana na nani, akasema na mtu asiyejua kwamba wamekosana.

Nilimwalika kwangu. Nilikuwa ninachambua maharage, nikamsukumia na yeye sinia, maana najua mwanaume anazungumza vizuri mikono ikiwa na kazi. Tulichambua nusu ya sinia. Kisha akaanza na mshale, akamaliza na shavu lake juu ya ule upara. Nilitaka kumwambia Mungu husamehe, na ni kweli husamehe, lakini niliona kwamba hilo lingekuwa kumpa mlango wa nyuma. Nikamuuliza tu, sasa Mama Mkunga umemwambia? Akasema kwanza anakwenda bima.

Nilijua kwa nini bima kwanza. Ofisi haikumzalishia watoto.

Alikwenda. Binti wa bima alimpokea vizuri, akamwagizia soda, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango. Akamwambia kwamba shauri lile lilikwisha kufungwa, wakubwa wameridhika, na mteja ameridhika. Akilifungua sasa, wa kwanza kuulizwa ni yeye mkaguzi aliyeamini neno la fundi bila kuleta wa pili. "Baba," alimwambia, "kama moyo unakusumbua, omba. Lakini usinipeleke na mimi." Hakumwita tena kazini baada ya siku ile, wala hakumgombeza. Kazi za bima zikaenda kwa yule fundi wa mtaa wa juu, kimyakimya. Kaka anasema hilo alilipokea kama dawa chungu, ila halikumpunguzia maumivu hata kidogo, kwa sababu lilikuwa halijamgusa Mama Mkunga.

Hapo ndipo alipoanza kukitafuta kile kiti.

Mali za bima huuzwa mnadani. Aliyenunua ile shehena alikuwa mchuuzi wa vyombo vilivyotumika, na kochi refu alishaliuza kwa mtu wa safari ambaye hakumbuki sura yake. Viti viwili aliviuza kimoja kimoja, kile chenye upara kwa mtu wa nyumba ya wageni au wa saluni, hana hakika. Basi Kaka akawa anaingia kila mahali. Alinyolewa nywele ambazo hazijaota. Alikunywa chai kwenye nyumba za wageni ambazo hana haja nazo, hata wifi yangu akaletewa maneno, na mimi ikabidi niende kumtuliza. Popote penye kiti kilichofunikwa, hata cha nyumba ya watu, mkono wake ulitangulia. Ndipo jirani yangu alipomwona. Wengine walisema amezeeka vibaya. Yeye aliwaacha waseme.

Alikipata kwa kinyozi mmoja karibu na kituo cha mafuta. Kilikuwa kiti cha wanaosubiri zamu, kimevishwa ngozi ya plastiki nyekundu yenye misumari ya kung'aa, kama bwana harusi wa kukodi. Kwa juu usingekijua. Kaka aliinama akapapasa uvunguni, kwenye mbao, akaikuta ile alama ambayo yule fundi mzee alikuwa akiichoma kwa msumari wa moto. Kinyozi akamwambia kwamba pale wananyoa tu, hawapapasi, na kama hamu ni kupapasa aende sokoni akapapase kuku. Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, huku machozi yanamtoka, hata kinyozi akazima mashine akamuuliza kama anaumwa.

Walikubaliana kubadilishana. Kaka alimtengenezea kiti kipya, kinachozunguka, na kinyozi akaona amempata mjinga wa mwaka.

Nilikuwa karakana siku alipokivua. Fundi aliyekivisha ile nyekundu alikuwa mvivu, hakutoa kitambaa cha zamani, alipaka gundi juu yake akabandika. Kaka alipoona kijani kinachungulia chini ya plastiki alishusha pumzi, akanitazama, na kwa dakika ile uso wake ulikuwa wa mtoto. Alivuta polepole sana. Lakini gundi ilikuwa imeshaingia kwenye vinyweleo vyote ikakauka. Mahameli ilitoka imekakamaa kama ganda la mkate mkavu, na pale kwenye mkono wa kiti, ulipokuwa upara wa karani wa posta, palichanika na kubanduka pamoja na plastiki. Hakikubaki kitu cha kushika.

Na ya kubadilisha haikuwepo tena. Mabaki ya jora lile yalikuwa yameishia kwenye kochi refu, vikabaki vipande visivyotosha kiti, na kochi refu liko kwa mtu wa safari. Sasa ikawa kweli kwamba havitafanana. Kaka alikaa chini kwenye vumbi la mbao, akasema uongo aliomwacha nao Mama Mkunga umetimia.

Nikamuuliza atakivisha nini. Akasema hatakivisha. Alikijaza upya, akakifunika marekani nyeupe tupu, ile inayotangulia chini ya kitambaa chenyewe, akasema rangi si yake kuichagua.

Tulikwenda mchana, mimi na yeye, kiti juu ya mkokoteni. Alikataa kumlipa mtu asukume. Njiani watu walimtania kwamba Sindano amefilisika amekuwa hamali, akawajibu kila mmoja kwa salamu. Tulipofika alisimama mlangoni, akaniomba nitangulie. Nikamwambia hapana, Kaka, hapa huwezi kunitanguliza. Akabisha hodi.

Mama Mkunga alifungua, akatusalimu, halafu akakiona kiti. Alikijua kabla hajaambiwa, kikiwa uchi vile. Alikizunguka. Akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti, akakiondoa, kama mtu aliyegusa kaburi lenye saruji mbichi. Akatuingiza sebuleni, kiti nacho kikaingizwa kikawekwa dirishani, mahali pake. Akauliza kimetoka wapi.

Kaka alimweleza akiwa amesimama. Hakuanza na ugumu wa kazi, wala na yule mzee, wala na mkaguzi aliyekuwa akisubiri. Alisema: mama, kochi lako nililikata kichwa chini, viti vyako havikuwa vimeliwa na jua. Kisha akaeleza mshale, kwa sababu Mama Mkunga alitaka kujua. Akaeleza kinyozi na gundi. Akaeleza kwamba bima alishakwenda.

Mama Mkunga alisikiliza mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kama nilivyomwona akisikiliza wanawake wengi. Kisha akauliza swali moja tu. "Ulijua kabla gari halijaja?"

"Nilijua, mama. Nilijua jioni ileile."

"Nami nilikuomba."

"Uliniomba."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Mimi niliomba moyoni, sikumbuki niliomba nini.

Mama Mkunga aliposema tena, alisema akitazama dirishani. Alisema kwamba tangu siku ile hajakaa sebuleni mwake kwa amani. Alijiona yeye ndiye aliyemtoa mumewe nje. Mumewe amelipia bima ile miaka yote, hakununua hata baiskeli, na yeye mjane wake ameitumia kupata seti mpya na kuacha kiti chake kibebwe na wageni. Kila aliposali, hilo lilimjia mbele. Aliwaza kwamba angeng'ang'ania zaidi, angelala juu ya kiti, angekubali kochi jeusi. Aliwaza kwamba labda moyoni alikitamani kipya.

"Kumbe mzigo huu haukuwa wangu," alisema. "Nimeulea mtoto wa mtu."

Niliona kwamba hilo Kaka hakuwa amelifikiria hata mara moja katika kutafuta kwake kote. Alitafuta mbao na kitambaa. Hakujua kwamba alichokiacha nyumba ile ni hatia yake mwenyewe, na kwamba mama mzee alikuwa akiila jikoni juu ya kigoda. Alifumba macho, na mikono yake, ile ambayo haijawahi kukosa cha kufanya, ilining'inia tu.

Mama Mkunga alimtazama sana. Alisema kwamba wodini alikuwa akiwaambia wanawake mficha uchi hazai, na leo amemwona mwanaume amezaa, ingawa amechelewa. Hakusema amemsamehe, na mimi sitamsemea. Alisema hajui bado kile kiti akivishe nini, au akiache vivyo hivyo. Alisema atakaa nacho kwanza.

Kisha desturi yake ya nyumbani ikamrudia. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akatazama lile kochi jipya refu, na lile jasho lililokuwa limelowesha shati la Kaka mgongoni. Akamwambia amesukuma mkokoteni mbali, sasa akae, atamletea maji.

Kaka alilitazama kochi alilolishona kwa mikono yake, kila kinyweleo kimelala upande wake. Hakulipapasa.

"Mama," alisema, "naomba uniache nisimame."